Chupa inabaki, dakika zinaondoka

Jumanne, usiku

Mwezi wa pili, huku Uingereza, ni mwezi wa mikasi. Bajeti za halmashauri lazima ziwe zimepita ifikapo tarehe 11 Machi, kwa kuwa mwaka wa fedha unaanza tarehe 1 Aprili. Siku hizi za katikati ndipo makabrasha manene yanapotua mezani kwa madiwani. Ukiyapekua hutakuta mahali pameandikwa "tunafunga tiba ya waraibu". Utakuta "kuunganisha mikataba", "ufanisi", "muundo mpya wa huduma". Maneno ya hariri. Na kweli, baada ya mkasi kupita kituo huwa hakijafungwa. Kibao kipo, mlango u wazi, ile methadoni ya kijani, dawa ya kunywa inayochukua nafasi ya heroini, inamiminwa kama jana. Kinachokatwa ni dakika.

Kwanza jinsi mzigo huu ulivyofika halmashauri. Sheria ya afya ya 2012 ilizikabidhi halmashauri za England kazi ya afya ya jamii kuanzia Aprili 2013, pamoja na ruzuku yake. Ruzuku hiyo haitakiwi kutumika kuziba mashimo ya barabara. Lakini ndani ya mfuko huohuo, tiba ya ulevi na dawa za kulevya haimo kwenye orodha ya huduma ambazo halmashauri inalazimika kuzitoa kwa kipimo maalumu. Masharti ya ruzuku yanaitaka tu izingatie haja ya kuiboresha. "Kuzingatia" ni neno jepesi sana. Mwaka 2015 serikali kuu ilikata pauni milioni 200 mwaka wa fedha ukiwa tayari unaendelea, kisha makato yakafuatana mwaka hadi mwaka. Halmashauri ikiwa na wazee wa kutunzwa na watoto wa kulindwa, tena kwa lazima ya kisheria, kila mtu anajua mkasi utaangukia wapi. Mraibu hana umati wa kuandamana naye.

Sasa hizo dakika. Mhudumu mmoja wa kituo anafanya kazi saa 37 kwa wiki. Tuseme 12 zinaliwa na kuandika kumbukumbu, vikao na safari, zinabaki 25. Akiwa na wateja 40, kila mmoja ana kama dakika 37 kwa wiki. Akiwa na 80, hazifiki 19. Ripoti ya daktari Dame Carol Black kuhusu dawa za kulevya, iliyotoka Julai 2021 baada ya serikali yenyewe kuiagiza, ilikuta wahudumu wenye wateja 50 hadi 80, wengine hadi 100, wakati kazi nzuri inataka 40 au chini ya hapo. Katika dakika 19 unaweza kuuliza "unaendeleaje?", kupima mkojo na kutoa karatasi ya dawa. Mengine yote yanahamia wiki ijayo, ambayo nayo ni hivyohivyo.

Asiyeijua methadoni atasema: basi si dawa anapata? Anapata, lakini hebu tuitazame inavyoanzishwa. Siku ya kwanza ni miligramu 10 hadi 30, kutegemea anatumia kiasi gani. Dawa hii haitoki mwilini upesi. Dozi ya leo inaikuta ya jana, zinarundikana, na kiwango kwenye damu kinaendelea kupanda kwa siku kama tano hata kama hujaongeza tone. Ndiyo maana wiki mbili za mwanzo ndizo za hatari ya kufa, na ndiyo maana mtu anatakiwa aonwe mara kwa mara, aongezwe 5 hadi 10 kwa wakati, bila kuzidi 30 juu ya dozi ya kuanzia katika wiki ya kwanza. Wengi hutulia wakifika kati ya 60 na 120.

Miadi ikiwa adimu, daktari mwangalifu anafanya jambo la busara kwake: haongezi dozi ya mtu asiyemwona. Mteja anaganda kwenye 40. Arosto, yale maumivu ya kukosa dawa, haimwangushi, ila haimwachi pia. Jioni ananunua heroini ya kujazia. Kwenye takwimu anahesabika yuko kwenye tiba. Kwangu hiki ndicho kidonda kikubwa kuliko vyote, kwa sababu hakuna jedwali la bajeti linaloweza kukionyesha.

Kuna kasoro ya pili, ya siku tatu. Dawa huku, hasa mwanzoni mwa tiba, inanywewa kwenye duka la dawa la mtaani, mbele ya mfamasia. Mteja akikosa siku tatu mfululizo, mfamasia anasimamisha na kukipigia kituo, na anafanya sawa: mwili umeanza kusahau, dozi ya zamani inaweza kumuua. Inatakiwa aonwe, apunguziwe au aanzishwe upya, leo au kesho. Kama nafasi ya karibu ni baada ya siku kumi, anazipitishia wapi hizo kumi? Na ada anayolipwa mfamasia kwa kumsimamia mteja akinywa nayo inatoka halmashauri. Ikipunguzwa, baadhi ya maduka hujitoa, mteja anaambiwa apande basi. (Wanaotoka gerezani Ijumaa, ofisi zikikaribia kufungwa, walikuwa kisa cha peke yao, hadi sheria ya 2023 ikaruhusu watolewe siku moja au mbili kabla.)

Pombe ndiyo imeumia kimyakimya zaidi, kwa kuwa mikataba mingi imeichanganya na dawa za kulevya katika kapu moja. Watu wanadhani pombe ni nyepesi kuacha. Mnywaji mzito akikata ghafla, mikono inaanza kutetemeka ndani ya saa 6 hadi 12, kifafa kinaweza kumpiga katika siku mbili za mwanzo, na kati ya saa 48 na 72 huja kuweweseka kunakoua. Kuachishwa nyumbani kunawezekana: klodiazepoksaidi, dawa ya kutuliza, inayopunguzwa hatua kwa hatua kwa siku 5 hadi 10, vitamini B1 ili ubongo usiharibike, mtu mzima wa kukaa naye, na muuguzi wa kufika kila siku mwanzoni kumpima pombe kwenye pumzi kabla ya kumpa vidonge. Ukimwondoa muuguzi huyo, unabaki na foleni ya kusubiri kitanda. Vifo vinavyosababishwa na pombe moja kwa moja Uingereza nzima vilikuwa 7,565 mwaka 2019. Mwaka 2023 vilifika 10,473. Korona ina sehemu yake humo, sitaibebesha halmashauri kila jeneza.

Nako kwenye vifo vya sumu ya dawa, za kulevya na za kutibu: England na Wales ziliandikisha vifo 2,597 mwaka 2012, na 5,448 mwaka 2023. Kizazi cha heroini cha miaka ya themanini na tisini kimezeeka, mapafu yamechoka, na sokoni zimeingia nitazini, dawa za maabara za jamii ya afyuni, kali kuliko heroini. Huo ulikuwa wakati wa kuongeza mikono.

Zabuni za kuendesha vituo nazo zina lawama yake. Mkataba wa miaka mitatu, na miwili ya nyongeza. Halafu unatangazwa upya kwa bei ya chini. Miezi sita ya mwisho wafanyakazi wazoefu wanatafuta kazi kwingine, mafaili yanahamishwa kutoka mfumo mmoja kwenda mwingine, na mteja anasimulia maisha yake upya kwa mhudumu wa nne.

Msomaji wa Dar atauliza kwa nini tunalialia. Kliniki ya methadoni ya Muhimbili ilifunguliwa Februari 2011 kwa msaada wa fedha za Marekani, na pale mteja anakuja kila siku kunywa mbele ya mhudumu wa kliniki. Kalamu iliyosimamisha misaada ya Washington Januari 2025 ilikuwa mbali kuliko ukumbi wa diwani yeyote, na huwezi kwenda kuigongea meza. Diwani angalau unaweza kumuuliza: mhudumu mmoja ana wateja wangapi? Kutoka kuomba hadi dozi ya kwanza ni siku ngapi? Wateja wangapi wako chini ya miligramu 60, na kwa nini? Maswali matatu yanatosha kikao kimoja.

Desemba 2021 serikali ilitangaza mkakati wa miaka kumi, na pauni milioni 780 za nyongeza kwa tiba katika miaka mitatu ya mwanzo. Fedha zilikuja, wahudumu wakaajiriwa, wengi kwa mikataba mifupi inayofuata urefu wa ruzuku. Madaktari bingwa wa uraibu, walioachwa wakapungua miaka yote ile, ni habari nyingine: baada ya kumaliza chuo na mafunzo ya awali hospitalini, daktari anahitaji miaka sita zaidi kuwa bingwa wa magonjwa ya akili, fani wanakotoka hao wa uraibu.