Jumanne ni kliniki ya pumu, safari hii naenda na usiku wetu wote

Mara ya mwisho nilitoka kwa dokta nikiwa nimejikasirikia kweli. Mwanangu ana miaka 6, ana pumu, na siku ile alikuwa mzima kabisa, anaruka ruka pale kwenye benchi, dokta akauliza anaendeleaje nami nikajibu "anaendelea vizuri tu". Vizuri wapi jamani, usiku wa kuamkia juzi yake nilikuwa nimekaa naye kitandani saa kumi alfajiri kifua kinalia kama filimbi! Lakini pale mbele ya dokta vyote vilinitoka kichwani, manake ukiona mtoto anacheka unasahau.

Pumu ndo ilivyo, usiku na alfajiri inabana, mchana mtoto anakimbia. Dokta anamwona mchana kwa dakika chache, sasa asipoambiwa habari za usiku atazijulia wapi?

Kwa hiyo wiki tatu hizi nimekuwa naandika kwenye daftari. Sio mambo makubwa, tarehe, kakohoa usiku au hapana, kaamka mara ngapi, inhela ya bluu (dawa ya kupuliza ya kufungua kifua akibanwa) tumetumia mara ngapi na kabla yake kulikuwa na nini, vumbi la kufagia, moshi, mafua, kukimbia, baridi. Nilipokuja kuhesabu nikashtuka. Nilikuwa najiambia ni mara moja moja, kumbe kuna wiki tumeitumia siku nne, na nilishaambiwa kwamba ile ya kufungua kifua ikihitajika zaidi ya siku mbili kwa wiki hiyo ni dalili pumu haijatulia, ni jambo la kumwambia dokta. Afu nimerekodi na video, fupi tu, nimempandisha fulana ili mbavu zionekane zinavyoingia ndani akivuta pumzi, na sauti inasikika. (Hiyo ni kwa kubanwa kidogo jamani, mtoto akishindwa hata kuongea au midomo inabadilika rangi achana na simu, mpe dawa na mkimbize hospitali saa hiyo hiyo.)

Dawa zote nabeba zenyewe, inhela zote mbili, ile ya bluu na ile ya kuzuia asibanwe, na spesa yake, lile kopo la plastiki analovutia dawa, nataka nimwoneshe dokta tunavyofanya pale pale anikosoe. Tunatikisa, pulizo moja, anavuta pumzi tano au sita, tunatikisa tena ndo la pili. Zamani nilikuwa napuliza mawili kwa mpigo nikidhani naokoa muda, na ile ya kuzuia nilikuwa naiacha akipata nafuu, wakati ile ni ya kila siku hata akiwa mzima na baada yake anasukutua mdomo. Nitalisema hilo la kuiacha, japo naona aibu, sababu nikificha dokta atadhani dawa haifanyi kazi na atamwongezea bure.

Maswali nimeandika matatu tu, mengi huwa hayaishi. Kwanza naomba mpango wa maandishi, akibanwa nifanye nini, mapulizo mangapi, saa ngapi tuondoke kwenda hospitali, na nakala ya mwalimu wake. Pili je dozi ya kuzuia inatosha kwa hizo siku nne nne.

La tatu ni la mwenyewe. Jana nilimuuliza na wewe unataka tumuulize dokta nini, nikategemea ataniuliza kama kuna sindano. Akasema, "Muulize kama naweza kukimbia mpaka mwisho bila mama kuniita." Sikujua kama namwita sana hivyo. Nimeliandika kama alivyolisema na nimemwambia siku ya Jumanne atauliza mwenyewe.