Duka Lisilouza

Nilianza kazi ya vitu vya kale mwaka 1996, nikiwa msaidizi wa mzee mmoja aliyekuwa na duka katika kichochoro cha Mji Mkongwe, Unguja. Kwanza nilipewa masinia na madele ya kahawa niyasugue kwa ndimu na majivu. Baada ya muda mrefu ndipo nikaruhusiwa kuligusa sanduku la njumu, yaani sanduku la mbao lililopambwa kwa shaba. Mzee alinikataza kulitazama mbele, mahali shaba inapomeremeta. Alinitaka nianze na chini na mgongo, kwa kuwa fundi anayeuza sanduku la jana kwa bei ya sanduku la babu huhangaika na uso tu. Misumari iliyofuliwa kwa mkono haina vichwa vinavyolingana, na droo iliyovutwa na vizazi vitatu hulika ukingo wake wa chini kwa namna ambayo msasa hauwezi kuiga.

Sarafu nazo zina elimu yake. Reale ya Maria Theresa, sarafu ya fedha ya Austria, husomeka 1780 hata ikiwa imepigwa katika karne ya 20, na mnunuzi asiyelijua hilo ana haki ya kuambiwa kabla hajatoa fedha. Niliwaambia wote, hata pale nilipojua kwamba nitapoteza biashara.

Ukweli huo juu ya umri haukunizuia kufanya jambo ambalo sasa linaniuma. Majumba mengi yalikuwa na warithi waliotawanyika tangu Mapinduzi ya 1964, na mirathi inapogawanywa, sanduku haligawanyiki, hivyo huuzwa. Nilinunua, nikafungasha, nikasafirisha Ulaya. Mwaka 2000 UNESCO iliuingiza Mji Mkongwe katika orodha ya urithi wa dunia, nami niliendelea kuuza, kuta zikilindwa huku vyombo vya ndani vikitoka mlangoni kimoja kimoja.

Siku moja bibi aliyekuwa ameniuzia mrashi wa fedha, chombo cha kunyunyizia marashi, alirudi dukani. "Mwanangu, niazime kwa siku mbili tu, mjukuu wangu anaolewa," aliniambia. Mrashi ulikuwa umekwishavuka bahari. Nilihudhuria harusi ile, na marashi yalinyunyizwa kwa chupa ya plastiki.

Ndiyo maana mwaka jana nilifungua duka ambalo haliuzi chochote. Linakodisha vyombo vya harusi: samadari (kitanda cha kale cha mapambo), masanduku, mirashi, vyetezo na masinia. Baadhi ni vyangu, lakini vingi ni vya familia ambazo zamani zingeniuzia. Sasa huviweka kwangu kwa amana, hubaki wenyewe wa mali, na hupata nusu ya ada kila kinapotoka. Kila chombo kina karatasi inayoeleza kilikotoka, kilipotengenezwa upya na ni fundi gani aliyekitengeneza. Wenzangu wa kazi walinionya kwamba kodi ya pango haitalipika, na kwa miezi mitano ya mwanzo maneno yao yalikuwa sahihi.

Kazi ngumu kuliko zote ni samadari. Hufunguliwa vipande, vioo vyake vilivyochorwa vikafungwa kwa makanga, kisha ikabebwa kwa mabega, kwa kuwa gari haliingii katika vichochoro vyetu, na ngazi za nyumba nyingine ni nyembamba hivi kwamba ubao wa kichwani hupandishwa kwa kamba kupitia dirishani. Hivi sasa ipo kwa seremala, ambaye anabadilisha mguu mmoja uliooza, naye ameahidi kuimaliza kabla ya Ramadhani kwisha, kwani Mfunguo Mosi yote, mwezi unaofuata Ramadhani, imekwishawekewa nafasi.