Usiogope kushuka, ogopa kupanda

Wageni ninaozamia nao huniuliza kuhusu papa. Wengine huuliza kuhusu giza. Sijasikia hata mmoja akiuliza kuhusu kurudi juu, na hapo ndipo penye shughuli.

Kila mita 10 unazoshuka baharini, shinikizo huongezeka kwa takriban atmosfia moja, yaani sawa na lile la hewa ya ufukweni. Kwenye mita 30 mwili umebeba shinikizo mara nne ya ulilolizoea, na naitrojeni iliyomo kwenye hewa ya mtungi inazidi kuyeyuka ndani ya damu na mafuta. Ukipanda taratibu, inatoka kwa mapafu bila wewe kujua. Ukipanda kwa pupa, inageuka viputo humo humo mwilini: viungo vinauma, ngozi inawasha, na uti wa mgongo ukiguswa, miguu inaweza kupooza.

Somo hili liliwagharimu watu. Waliochimba misingi ya daraja la Brooklyn, New York, walifanya kazi ndani ya masanduku yaliyoshindiliwa hewa, wakitoka wanajikunja kwa maumivu. Mhandisi mkuu, Washington Roebling, naye aliugua mwaka 1872, na mkewe Emily ndiye aliyekuwa akipeleka maagizo yake kwa mafundi. Mwaka 1878 Mfaransa Paul Bert alionyesha kwamba mkosaji ni naitrojeni. Kisha John Scott Haldane wa Uingereza akafanya majaribio kwa mbuzi (ndiyo, mbuzi) na mwaka 1908 akachapisha majedwali ya kupanda kwa vituo.

Kwa hiyo tunasimama mita tano, dakika tatu. Mkono mmoja kwenye kamba ya boya, macho kwenye kompyuta ya kuzamia iliyofungwa mkononi, sekunde zinakatika kwa kusuasua. Jua unaliona pale juu, baridi imeshaanza kupenya kwenye vazi, na huna cha kufanya ila kupumua. Hapa ndipo wengi huanza kunionyesha kidole gumba, yaani twende. Natikisa kichwa. Kutoka mita 40 hadi 30 shinikizo hupungua kwa moja ya tano tu. Kutoka mita 10 hadi juu linapungua kwa nusu nzima. Ndiyo maana pia hatubani pumzi: hewa iliyojaza mapafu kwenye mita 10 itataka nafasi mara mbili ukifika juu.

Ndege nayo isubiri. Ukiwa umezamia mara kadhaa, kaa angalau saa 18 kabla ya kupanda, kwa sababu shinikizo ndani ya kabini ni dogo kuliko la ufukweni.

Na mtu akilalamika bega baada ya kutoka majini, msimwambie ni uzito wa mtungi; huenda ni viputo. Mlazeni, mpeni oksijeni safi, mpigieni daktari anayejua mambo ya uzamiaji aulizie chemba ya shinikizo iliyo karibu, yaani chumba ambamo mgonjwa hurudishiwa shinikizo kisha likapunguzwa taratibu. Asirudishwe majini "akapunguze" viputo mwenyewe, hata akisisitiza kwamba yuko sawa. Wengi husema hivyo.