Unga wa kolajeni na paka wa gatini
Nimetimiza miaka 51, na kioo hakina haya. Shoga yangu wa Malindi akanishawishi ninunue kopo la unga wa kolajeni, ile protini inayoipa ngozi uimara, shilingi 4,000 na ushei. Miezi mitatu nautia kwenye chai ya maziwa kila asubuhi. Shombo, wallahi! Kusoma kibandiko: ngozi na magamba ya samaki. Yaani kile tunachowatupia paka hapa Lamu ndicho nilichokinunua.

Dada wa duka la dawa akanieleza: hedhi ikikatika, estrojeni, homoni ya kike, hushuka, na ngozi huweza kupoteza asilimia 30 hivi ya kolajeni yake ndani ya miaka 5 ya mwanzo. Huo unga ukiunywa, tumbo huuvunjavunja kama protini nyingine. Hauendi moja kwa moja usoni. Na bila vitamini C mwili hauundi kolajeni sawasawa. (Mapera yenye vitamini hiyo tunayo tele.)

Mashavu labda yamelainika kidogo, au ni macho yangu. Lakini mgongo wa mkono, unaopigwa jua kwenye mashua ya Shela kila siku, umekunjamana. Bega lililojificha ndani ya buibui bado la mwari! Kopo la pili sijanunua. Nimenunua mwavuli.