Rangi ya Maji ya Kunde

Msimu ule wa harusi, studio moja ya Kariakoo ilisafisha albamu nzima na familia ikairudisha. Kwenye kioo cha kompyuta bibi harusi alikuwa maji ya kunde. Kwenye karatasi uso ulikuwa mwekundu na picha zote zimeingia giza. Fundi alikuwa akipunguza nyekundu kwa kukisia, picha moja baada ya nyingine, na wino unaisha.

"Kaka, hii printa imekufa," aliniambia.

Printa ilikuwa nzima. Giza lilitoka kwenye kioo, kilichowekwa mwangaza wa mwisho kama kilivyotoka dukani. Karatasi haina mwanga wake, huakisi ule wa chumbani tu; anayehariri mbele ya kioo kikali huishia kuififisha picha. Tulikiacha kiwake nusu saa kwanza, maana rangi zake hutulia kikishapata moto. Tukafunga mapazia, tukakipachika kipima rangi, tukakiweka hivi: mwangaza wa kandela 100 kwa mita ya mraba, nyeupe ya kelvini 6500 kama mwanga wa mchana, na gama, yaani mpando wa mwanga kutoka giza hadi weupe, ya 2.2. Faili ileile ilipofunguliwa tena, giza la kwenye karatasi likaonekana kiooni. Fundi akanyamaza, kisha akaanza kuzipandisha picha mwanga.

Wekundu ulikuwa na chanzo kingine. Photoshop, programu ya kuhariri picha, ilizigeuza rangi kwa profaili ya karatasi, yaani faili linaloeleza karatasi hiyo na wino wake hutoaje rangi, halafu programu ya printa ikazigeuza mara ya pili. Rangi zikigeuzwa hivyo, mara nyingi hulemea majenta, ule wekundu wa kizambarau. Tukazima usimamizi wa rangi upande wa printa, Photoshop ikabaki peke yake, na tukachagua profaili ya karatasi iliyokuwamo kwenye trei. Ya karatasi inayong'aa haifai kwa isiyong'aa, kwa kuwa kila karatasi hunywa wino kivyake.

Kubonyeza Ctrl+Y ndani ya Photoshop kukatuonyesha mapema, kiooni, rangi zitakavyotoka kwenye karatasi. Sare za kamati, damu ya mzee, hazikuyumba. Bluu kali ya mapambo ilififia, kwa sababu wino haufiki kwenye bluu ile, na nilishikilia tuiache: katika picha ya harusi kinacholindwa ni ngozi.

Tulijaribu kwa picha moja ya sentimita 10 kwa 15, tukaiacha ikauke hadi asubuhi, kwani wino mbichi hudanganya. Tuliitazama dirishani, mbali na taa ya njano. Uso ulikuwa wenyewe. Fundi akabandika vipimo ukutani, pamoja na tarehe ya kukipima kioo tena mwezi uliofuata, akapakia karatasi za albamu.