Mbung'o jike wa Jozani

Watu wakisimulia jinsi Unguja ilivyoondokana na mbung'o, huanza na ndege. Ndege ikipita juu ya msitu wa Jozani na kumwaga mbung'o madume waliofugwa Tanga, wakapigwa mionzi hadi wakawa tasa. Zaidi ya milioni 8, kuanzia 1994, na kufikia 1997 kisiwa kikatangazwa kuwa safi. Hadithi tamu, wala si ya uongo. Ila mimi nimeshinda leo nikiifikiria, na naona aliyeiamua ni jike.

Mbung'o jike kwa kawaida hupandwa mara moja tu. Dume humganda saa nzima, pengine zaidi, akamwachia mbegu pamoja na majimaji yanayomkatisha hamu ya dume mwingine. Mbegu zile huzihifadhi kwenye vifuko tumboni, akazitumia maisha yake yote. Kwa hiyo akikutana na tasa siku ile, basi, hana uzazi tena. Kilichonistaajabisha ni kwamba mbegu za tasa si maiti. Huogelea, hulifikia yai, hulirutubisha; ila mionzi imeshavuruga urithi uliomo, na kiumbe hufa kabla ya kuwa chochote. Jike anajiona ameolewa. (Inzi hajioni kitu, najua, niachieni.)

Mmarekani Edward Knipling ndiye aliyeliona pengo hilo mapema, kwa inzi ambaye funza wake hula vidonda vya mifugo. Huyo naye jike wake hupandwa mara moja. Mwaka 1954 wakammaliza katika kisiwa cha Curaçao kwa madume tasa.

Lakini dume wa kufugwa lazima ashindane na wa porini, na hapa ndipo Darwin, yule wa nadharia ya mageuzi ya viumbe, anapoingia Jozani. Tangu 1871 alisema kusalimika tu hakutoshi, kuna na kupata mwenza. Dume aliyelelewa kizimbani hana uhakika wa kumpiku mwenyeji, ndiyo maana walimwagwa kwa wingi wa kupindukia, tena baada ya wenyeji kupunguzwa kwanza kwa dawa ya kupaka ng'ombe na vitambaa vya buluu vyenye sumu.

Ushindani wenyewe haumaliziki kwenye kupanda. Nendeni Cheju kwenye mabonde ya mpunga mkawatazame kerengende, wawili wamefungamana wakiruka pamoja. Mtafiti Jonathan Waage alionyesha mwaka 1979, kwa jamii moja ya kerengende wembamba wa Marekani, kwamba dume kwanza humkwangua jike mbegu za aliyemtangulia, ndipo akaweka zake. Kisha humlinda akitaga. Wivu huo! Na una sababu: jike wa kerengende hupandwa na wengi. Kwa viumbe kama hao, tasa mmoja angekwanguliwa na anayemfuata.

Nimemweleza haya ami yangu anayefuga ng'ombe Kitogani. Anakumbuka ng'ombe waliokonda kwa nagana, ugonjwa unaoenezwa na mbung'o, wakabaki mifupa, na anakumbuka ndege, enzi za Komandoo, Rais Salmin Amour wa Zanzibar. Akasikiliza, akasema, "Sasa mbona mbu hamjawafanyia hivyo? Hao ndio wanaotumaliza sisi."

Swali zuri kuliko yote niliyosoma. Maana mbu jike wa malaria naye, kwa kawaida, hupandwa mara moja, jua likizama, kwenye wingu la madume wanaocheza hewani.

"Tofauti iko kwenye uzazi, ami," nikamwambia. Mbung'o hatagi. Hubeba mtoto mmoja tumboni, humlisha maziwa, humzaa akiwa funza mkubwa, na mwingine huchukua siku tisa kumi hivi. Jike mmoja akikosa, pengo linaonekana. Mbu hutaga mayai mia na ushei kwa mkupuo, kwenye madimbwi, na wachache tu waliosalimika hujaza tena kijiji.

"Kumbe mbung'o alikuwa mzazi mzuri," akasema ami, "ndiyo akapotea."