Kachumbari Angani

Paa la fleti tunayoishi South C linatazama kusini, upande wa Mbuga ya Kitaifa ya Nairobi, na huo ndio utajiri wangu wote wa kutazama nyota. Kaskazini ni mwanga mtupu: mjini, barabara kuu, na mulika mwizi wa mtaa wa pili ambao haujui kupumzika. Mbuga haina taa. Mng'ao wa Rongai na Kitengela unapanda kidogo, lakini juu yake bado kuna anga.

Darubini yangu ni ya macho mawili, 10x50 (inakuza mara kumi, kioo cha milimita 50), ya mtumba. Inaonyesha duara la digrii 6 na nusu hivi, na kwangu hicho ndicho kipimo chenyewe. Macho matupu hapa mjini hayaoni nyota hafifu; teleskopu nayo inaona kipande tu. Maumbo madogo ya nyota ninayoyatafuta yanataka kitu cha katikati.

Februari hii, saa tano usiku, Msalaba wa Uongo unasimama kusini. Nyota zake nne zimewahi kuwachanganya wengi, ila darubini inamaliza ubishi upesi: Msalaba wa Kusini wa kweli, wenye urefu wa digrii 6, unaenea ndani ya duara langu, huu wa uongo hauenei. Wa kweli saa hiyo ndio kwanza unachomoza, umelala ubavu. Tena nyota mbili za ule wa uongo ni za kundi la Mkuku na mbili ni za Tanga, maana zamani pale palichorwa jahazi moja kubwa, Argo, kabla Mfaransa Nicolas-Louis de Lacaille hajalivunja vipande.

Huyo bwana ananisumbua akili. Mwaka 1751 na 1752, akiwa Rasi ya Tumaini Jema, aliorodhesha nyota karibu 10,000 kwa kioo chenye upana wa nusu inchi. Kioo changu kina milimita 50! Halafu akajaza anga pampu, saa na tanuri, makundi ambayo hata ukikaza macho huoni pampu wala tanuri.

Binti wa kaka yangu ana mbinu bora zaidi. Niliegemeza viwiko kwenye tangi la maji, nikashusha pumzi hadi picha ikaacha kutetemeka, kisha nikampisha. Karibu na Avior, nyota mojawapo ya msalaba ule, kuna fungu la nyota liitwalo NGC 2516 katika orodha za wanaanga. Akatazama kimya.

"Shangazi, mtu amemwaga kachumbari."

Jina limeshika. Orodha rasmi ya anga ina makundi ya nyota 88, mipaka yake ilichapishwa 1930, na haya maumbo madogo hayamo, kwa hiyo hakuna wa kumkataza. Mashariki kidogo, kuizunguka nyota Theta ya Mkuku, kuna fungu jingine, Kilimia cha Kusini. Hicho nilimwambia tusikibadilishe jina, kwa heshima ya Kilimia chenyewe, ambacho wakulima wamekitegemea kujua majira. Alikubali shingo upande.

Mvua za masika zikianza, anga litafungwa. Kabla ya hapo nataka mkia wa kundi la Nge, wenye mafungu ya nyota M6 na M7 yanayoingia pamoja kwenye duara moja, ila mwezi wa Machi inabidi kuamka saa kumi alfajiri. Binti ameshaniuliza kama kachumbari haipatikani saa za watu.